Ua Linalokubali Uhamisho

Kilima cha Nsambya, kilichoko kusini mashariki ya kitovu cha jiji la Kampala, kimebeba jina la mti. Kwa lugha ya Kiganda, nsambya ni ule mti mrefu wenye mbao imara ambao msimu wake ukifika hujivika maua ya manjano kama mtu aliyevaa nguo ya sikukuu. Hivyo yeyote ataye jina la Nsambya anataja ua, hata kama hajui.

Kilima hicho kina historia ndefu ya watu wenye kutunza ardhi na watu. Mwaka 1895 wamisionari wa Mill Hill walifika Buganda wakafanya makao yao huko. Mwaka 1903 akawasili Mama Kevin pamoja na watawa wenzake, wakaanza kazi ya kuwatibu wagonjwa iliyozaa hospitali ya Nsambya inayojulikana hadi leo. Na katika Nsambya hiyo hiyo ipo kambi kubwa ya polisi, ambamo jamaa nyingi huishi nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, na vipande vyao vya ardhi havizidi upana wa mkeka mmoja au miwili.

Ni kwa ajili ya jamaa za namna hiyo, za Nsambya na za kambi nyingine zote, kwamba ukurasa huu unazungumzia leo kilimo cha maua ya kuuza. Walakini si kila ua. Linazungumziwa ua moja ambalo tabia yake inalingana na maisha ya askari kuliko mimea mingine mingi.

KWA NINI WATU WA KAMBINI HAWAPANDI

Aulizwapo askari kwa nini uwanja wake ni mtupu, jibu lake huwa fupi: "Nyumba ni ya serikali." Neno hilo lina ukweli ndani yake. Apandaye mwembe kambini huwapandia wengine. Miaka mitano humwagilia maji, na mwaka wa sita, embe la kwanza linapoanza kuiva, hufika barua ya uhamisho kwenda Moroto, au Arua, au Kabale. Jamaa hupakia magodoro, sufuria na jerikeni katika lori. Mwembe haupakiki.

Yapo pia mambo mazito kuliko uhamisho. Ipo siku ya kustaafu, na ipo siku isiyotajwa kwa furaha, ambayo mwenye nyumba hutangulia mbele ya haki, na mjane pamoja na watoto huhitajiwa kuiacha nyumba. Siku hiyo ndipo huonekana wazi ni mali ipi iliyokuwa ya jamaa na ipi iliyokuwa ya serikali. Kuta ni za serikali. Mabati ni ya serikali. Mti uliopandwa hubaki umesimama pale pale. Mama huyo huondoka na kile tu kinachobebeka.

Basi swali lililo mbele ya kila jamaa ya kambini si kama kupanda ni vema. Hilo kila mtu analijua. Swali ni hili: je, uko mmea ambao faida yake huja upesi, na shina la mali yake huweza kung'olewa, kutiwa kikapuni na kusafiri pamoja na watoto? Mmea huo upo.

UKOO WA UPINDE NA UPANGA

Wasomaji waliopata kuona vitabu vya bustani za Ulaya wanalijua ua liitwalo iris. Jina lake ni neno la Kiyunani lenye maana ya upinde wa mvua, kwa sababu ya rangi zake nyingi: zambarau, buluu, manjano, nyeupe na kahawia. Wafalme wa Ufaransa waliweka mchoro wa ua linalofanana nalo katika bendera zao. Yako mamia ya aina za iris duniani, na zote asili yake ni nchi za kaskazini ya dunia.

Hapo ndipo palipo na mtego. Aina nyingi za iris zinazosifiwa katika vitabu hivyo huhitaji majira ya baridi kali ili zipumzike kabla ya kuchanua. Kampala iko kwenye mwinuko wa kadiri ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, karibu sana na mstari wa ikweta, na haina baridi ya namna hiyo. Mtu akiagiza iris za Ulaya na kuzipanda Nsambya, huenda akapata majani mazuri mwaka hadi mwaka, na asione ua la kuuza.

Somo hilo la mwinuko si geni katika nchi ya Uganda. Mashamba makubwa ya maua yaliyoanzishwa tangu miaka ya mwanzo ya 1990 kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Entebbe, yalikuta kwamba waridi zenye vichwa vikubwa hustawi zaidi mahali penye ubaridi, kama vile Naivasha katika Kenya, iliyoko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi. Wakulima wa Uganda hawakushindana na hali ya hewa. Waligeukia waridi zenye vichwa vidogo pamoja na vipandikizi vya krisanthemamu, wakavipeleka Uholanzi na kupata soko. Mkulima mwenye busara huiuliza ardhi yake kwanza, ndipo humwuliza muuza mbegu.

Ardhi ya Nsambya ikiulizwa juu ya iris hujibu kwa kuwataja ndugu zake wawili.

Ndugu wa kwanza ni mmea ambao wataalamu huuita Dietes, yaani iris ya Afrika. Huota porini katika kingo za misitu kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Majani yake ni marefu na magumu kama panga, na ua lake ni jeupe lenye alama za manjano na zambarau. Ua hilo hunyauka baada ya siku moja, kwa hiyo halifai kukatwa. Lakini mmea wenyewe huvumilia kivuli na ukame, nao hugawanyika kwa urahisi: fungu moja lililokomaa hung'olewa na kutoa miche kadhaa. Miche hiyo hutiwa katika makopo na kuuzwa kwa watu wanaopamba nyua na njia zao. Inafaa kukumbuka kwamba bua la mmea huu lisikatwe baada ya ua kunyauka, maana bua lile lile huendelea kutoa maua mengine.

Ndugu wa pili ndiye shujaa wa makala haya: gladiola. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya upanga mdogo, kutokana na umbo la majani yake. Ni wa ukoo ule ule wa iris, na asili yake kwa sehemu kubwa ni Afrika. Aina moja ya porini, iitwayo Gladiolus dalenii, huota katika mbuga za nyasi za Afrika ya mashariki, Uganda ikiwamo, na hiyo ni mmoja wa wazazi wa gladiola zinazopandwa leo katika bustani za dunia nzima. Kwa hiyo ampandaye gladiola Nsambya hakaribishi mgeni. Anamrudisha mtoto aliyekwenda ng'ambo akarudi amevaa nguo mpya.

MALI IKO CHINI, SI JUU

Gladiola huota kutokana na tunguu, yaani kiini cha chini ya ardhi kinachofanana na kitunguu kilichobanwa. Mwenye kuelewa maisha ya tunguu ameelewa biashara yote, na asiyeyaelewa atafilisika huku anacheka.

Tunguu likipandwa hutumia chakula chake lote kutoa majani na bua la maua, kisha husinyaa. Juu yake, wakati huo huo, hujengeka tunguu jipya kwa chakula kinachotengenezwa na majani. Pembezoni huzaliwa vitoto vidogo vidogo, vingine vidogo kama punje za kunde. Hivyo tunguu moja lililopandwa vizuri hurudisha tunguu moja kubwa, pengine mawili, pamoja na vitoto vyake.

Kutokana na hayo hutoka sheria mbili. Ya kwanza: anayekata bua la maua hapana budi aache majani yasiyopungua manne katika mmea. Anayekata bua pamoja na majani yote ili kulifanya fungu lionekane refu, amekula mbegu yake. Ya pili: baada ya kukata maua, mmea usisahauliwe. Uendelee kupata maji na palizi kwa wiki sita hadi nane, mpaka majani yaanze kugeuka manjano. Wengi huacha kuuhudumia mara tu wanapopokea fedha ya maua. Na hapo ndipo tunguu la msimu ujao linapokufa njaa.

KUPANDA

Gladiola hutaka jua la kutosha, muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Hutaka udongo usiotuamisha maji. Mahali penye maji yanayosimama baada ya mvua hapafai kabisa. Tunguu huoza kabla ya kuota.

Tuta hulimwa kwa kina cha sentimeta 30 na kuchanganywa na samadi iliyooza vizuri au mboji. Samadi mbichi huunguza na kuleta magonjwa. Matunguu hupandwa kwa kina cha sentimeta 10 hadi 15, ncha ikitazama juu, na nafasi ya sentimeta 15 baina ya moja na jingine. Aliyepanda juu juu ataona mabua yakianguka siku ya upepo. Mmea ukifika usawa wa goti, yafaa kusimamisha vijiti na kufunga kamba pande zote za tuta.

Kwa jamaa za kambini, njia iliyo bora zaidi ni kupanda sehemu ya matunguu katika magunia au mabeseni makuukuu yaliyotobolewa chini. Gunia lililojazwa udongo hadi kina cha sentimeta 30 huweza kuchukua matunguu kadhaa. Faida yake itaonekana mbele, litakapozungumziwa jambo la uhamisho.

Hapa pana maneno mawili ya tahadhari. Kwanza, ardhi ya kambi ina wakubwa wake. Kabla jembe halijainuliwa, mwenye nyumba aombe ruhusa kwa afande anayehusika na makazi, ili kusitokee ugomvi wa mipaka na majirani. Pili, ua lisipande kitanda cha mboga. Watoto hawali gladiola. Dodo, nakati na sukuma wiki vibaki mahali pake, na maua yapewe ukingo wa njia, kando ya ukuta, au magunia. Zaidi ya hayo, tunguu la gladiola hufanana na kitunguu lakini si chakula, na mizizi ya iris ina sumu. Visihifadhiwe jikoni, wala visiachwe mahali ambapo watoto huchezea.

KUHESABU SIKU

Tangu kupandwa hadi kukatwa, gladiola huchukua siku 70 hadi 100, kulingana na aina na joto la mahali. Mahali pa baridi, kama Kabale, huchelewa. Mahali pa joto huwahi. Jamaa inayoanza ikisie wiki kumi na mbili, kisha iandike katika daftari siku ya kupanda na siku ya kukata. Baada ya msimu mmoja tu, daftari hilo litakuwa mwalimu bora kuliko kitabu chochote, maana litazungumza habari za udongo wa jamaa hiyo yenyewe.

Hesabu hiyo ya siku ndiyo inayotenganisha mkulima wa kupendeza macho na mkulima wa kuuza. Maua huhitajiwa kwa nyakati maalumu, na Nsambya, kilima cha kanisa, inazijua nyakati hizo. Yuko mtu atakayepanda kwa bidii, matuta yakachanua yote katika wiki ya pili ya Kwaresima, naye akapeleka ndoo kanisani na kurudishwa nayo. Si chuki. Kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, altare haipambwi kwa maua wakati wa Kwaresima, isipokuwa Dominika ya nne na siku za sherehe maalumu. Hali kadhalika, arusi nyingi hungoja hadi Pasaka ipite. Bali Pasaka yenyewe, Noeli, na siku ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, maua hutafutwa kwa taa.

Kwa hiyo anayetaka maua ya Noeli ahesabu nyuma. Wiki kumi na mbili kabla ya tarehe 20 Desemba ni tarehe 27 Septemba, na kwa bahati njema hicho ni kipindi cha mvua za pili za mwaka mjini Kampala. Ili kujikinga na kosa la hesabu, matunguu yagawanywe mafungu matatu: la kwanza lipandwe katikati ya Septemba, la pili mwishoni mwake, na la tatu wiki ya kwanza ya Oktoba. Fungu moja likiwahi na jingine likichelewa, la kati litafika kwa wakati. Kwa Pasaka, upandaji huangukia mara nyingi katika Januari, mwezi wenye ukavu, na hapo jerikeni lazima zifanye kazi.

Rangi nayo ina hesabu yake. Kwa Noeli, Pasaka na arusi, nyeupe ndiyo hutakiwa zaidi. Anayeanza na anunue nyeupe kwa wingi, na rangi nyingine kwa uchache.

KUKATA NA KUUZA

Maua hukatwa alfajiri au jioni, jua likiwa limepoa, kwa kisu kikali. Bua hukatwa wakati ua moja au mawili ya chini yameanza kuonyesha rangi. Yaliyobaki yatafunguka yenyewe ndani ya maji, moja baada ya jingine, kutoka chini kwenda juu. Anayesubiri bua lote lichanue ili livutie, humpelekea mnunuzi ua litakalozeeka mikononi mwake, na mnunuzi huyo hatarudi.

Mara tu baada ya kukatwa, mabua hutiwa katika ndoo safi yenye maji safi, nayo husimamishwa wima. Gladiola ina tabia ya askari katika gwaride: haikubali kulala. Bua likilazwa sakafuni au nyuma ya bodaboda kwa muda mrefu, ncha yake hujipinda kuelekea juu, na ikishajipinda hainyooki tena. Hivyo usafiri wake ni wima, ndani ya ndoo au boksi refu.

Mabua hufungwa kumi kumi, ya urefu mmoja na rangi moja. Fungu lenye bua moja fupi lililofichwa katikati ni udanganyifu mdogo unaoua biashara kubwa. Wahenga walisema biashara haigombi, vilevile haidanganyi.

Wanunuzi ni akina nani? Ni wale wanaopamba makanisa, wapambaji wa arusi na sherehe za kutambulishana, wenye maduka ya maua mjini, na watengenezaji wa mashada ya mazishi. Mama mwenye busara huwaendea watu hao kabla ya kupanda, si baada ya kukata. Huwauliza wanataka rangi gani, mabua mangapi, na siku gani. Ahadi ya mabua 40 kila Ijumaa kwa mnunuzi mmoja ina faida kuliko ndoo mbili za maua zinazozungushwa barabarani chini ya jua.

MALI BILA DAFTARI

Mali bila daftari huisha bila habari. Ifuatayo ni hesabu ya kujifunzia tu. Si bei ya soko, maana bei hubadilika, na kila jamaa iulize bei za siku zake.

Ichukuliwe kwamba jamaa imenunua matunguu 100 kwa shilingi 1,500 kila moja. Hizo ni shilingi 150,000. Samadi, vijiti, kamba na magunia vimegharimu shilingi 30,000, na nauli ya kupeleka maua shilingi 20,000. Jumla ya matumizi ni shilingi 200,000. Katika matunguu 100, mabua 80 yamefaa kuuzwa, na kila moja limepata shilingi 2,000. Mapato ni shilingi 160,000.

Msimu wa kwanza, basi, umeleta upungufu wa shilingi 40,000. Hapa ndipo waume wengi hutikisa kichwa na kusema, "Mama Watoto, nilikwambia." Na mke ambaye hakuweka daftari hana la kujibu. Lakini mwenye daftari humwonyesha ukurasa wa pili. Katika boksi lililo chini ya kitanda yamo matunguu mapya 85 na bakuli la vitoto. Msimu ujao hakuna kununua matunguu. Matumizi ni shilingi 50,000 tu. Mabua 70 yakiuzwa kwa bei ile ile huleta shilingi 140,000, na ziada ni shilingi 90,000. Upungufu wa kwanza ukishalipwa, hubaki shilingi 50,000 mkononi, na matunguu yangali yapo.

Vitoto navyo visitupwe. Hupandwa kwa kina kifupi, cha sentimeta tatu hadi tano, kama mtu apandavyo mbegu. Havitoi maua ya kuuza msimu wa kwanza. Huhitaji misimu miwili au zaidi ili vinenepe. Lakini mwenye subira, baada ya miaka miwili au mitatu, huona matunguu 100 yamekuwa mengi zaidi bila ya shilingi moja kutoka mfukoni.

Ziada hiyo isipotee katika matumizi ya kila siku. Askari wa jeshi wana chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Fedha ya maua ikiwekwa huko kidogo kidogo, haba na haba hujaza kibaba.

MARADHI NA ADUI

Adui mkubwa wa gladiola ni vithiripi, wadudu wadogo mno ambao hukwaruza majani na maua na kuacha michirizi ya rangi ya fedha. Bua lililoshambuliwa sana hushindwa hata kufunguka. Dawa ya kwanza ni macho: mimea ikaguliwe kila asubuhi, sehemu zilizoharibika zikatwe na kuchomwa, na maji yenye sabuni kidogo yanyunyizwe mapema kabla wadudu hawajaongezeka.

Adui wa pili ni kuvu inayoozesha tunguu kutoka ndani. Mmea hugeuka manjano kabla ya wakati wake, na tunguu likikatwa huonekana lina madoa ya kahawia. Tunguu la namna hiyo halina tiba. Lichomwe, wala lisitiwe katika shimo la mboji. Kinga yake ni kutokupanda gladiola katika tuta lile lile msimu hadi msimu. Mahali palipopandwa maua mwaka huu papandwe mboga, na gladiola irudi hapo baada ya miaka mitatu au zaidi. Kwa upande wa magunia, udongo ubadilishwe.

KUNG'OA NA KUHIFADHI

Majani yakianza kugeuka manjano, matunguu hung'olewa kwa uangalifu ili yasijeruhiwe. Hutikiswa udongo, majani hukatwa, na matunguu hutandazwa kivulini penye hewa kwa wiki mbili au tatu. Baada ya hapo lile tunguu kuukuu lililosinyaa chini hubanduliwa na kutupwa. Tunguu jipya huwekwa katika boksi lenye matundu au mfuko wa wavu, mahali pakavu penye ubaridi.

Akiba haiozi, walisema wazee. Akiba ya tunguu huoza, ikiwekwa penye unyevu. Mfuko wa plastiki uliofungwa ni kaburi lake. Kila wiki boksi lifunguliwe, na tunguu lolote lililolainika litolewe.

Tunguu lililong'olewa leo halioti kesho. Huhitaji usingizi wa miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuamka tena. Kwa hiyo tunguu moja haliwezi kutoa maua kila msimu wa mvua. Katika miaka miwili hutoa mara tatu hivi. Jamaa inayotaka maua ya Noeli na ya Juni pia, iwe na makundi mawili: moja likiwa lindoni, jingine liwe mapumzikoni.

SIKU YA BARUA

Na sasa barua ya uhamisho imefika. Lori litakuja Jumamosi.

Ikiwa matunguu yako bokisini, hakuna la kufikiri: boksi huingia garini kabla ya godoro. Ikiwa yako ardhini na maua yamekwisha kukatwa wiki kadhaa zilizopita, hung'olewa pamoja na majani yake mabichi, hufungwa mafungu na kutundikwa kivulini. Tunguu litakuwa dogo kidogo, lakini litaishi. Ikiwa mimea bado haijachanua, yale yaliyo ardhini yatapata hasara, kwa kuwa tunguu kuukuu limekwisha liwa na jipya halijajengeka. Ndiyo maana iliagizwa kupanda sehemu katika magunia. Gunia husafiri na mmea wake ukiwa umesimama, na mama wa Nsambya huteremka Gulu au Mbarara na bustani yake mkononi.

Afikapo makao mapya, na asikimbilie kupanda yote. Apande machache kwanza, ajifunze jua na maji ya mahali hapo. Moroto atahitaji maji mengi na matandazo ya nyasi. Kabale atahitaji subira. Daftari lile lile liendelee.

Inafaa pia, kabla ya lori kuondoka, matunguu matano yaachwe kwa jirani. Siyo kwa ukarimu tu. Jirani huyo naye atahamishwa siku moja, na watu wawili wa kambi mbili wenye mbegu moja wana akiba ya pamoja: ya mmoja ikioza, ya mwenziwe ipo.

Nyumba itabaki kuwa ya serikali, na ni haki yake. Mwembe uliokwisha kupandwa uachwe uwapatie kivuli wajao, maana hilo nalo ni jema. Lakini mjane, au mstaafu, au mke wa askari aliyehamishwa, akiinua boksi lake la matunguu na kulipachika baina ya sufuria na jerikeni, hatoki mikono mitupu. Septemba ikifika, popote atakapokuwa, atachimba shimo la sentimeta 15, ataweka ncha ikitazama juu, na ataanza kuhesabu siku.